Udzungwa: Usiyakimbilie Maporomoko ya Sanje

Wengi wanaoniuliza kuhusu Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, Tanzania, huanza na swali hilohilo: ni muda gani mpaka kwenye maporomoko? Mzunguko wa Sanje huchukua kama saa nne kwa mwendo wa kawaida. Ila ushauri wangu ni huu: tenga siku nzima. Maji utayakuta tu. Wenye haraka wanachokikosa ni msitu.

Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, na mpaka leo wageni hawazungushwi ndani kwa magari kama kwenye hifadhi ya Mikumi. Msitu unaanzia pale mashamba ya miwa ya Bonde la Kilombero yanapokomea, kwenye mwinuko wa kama mita 250 hivi, halafu unapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Milima hii ni sehemu ya safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, na upepo wa Bahari ya Hindi umeiletea mvua kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo kwingine misitu ilikauka. Ndiyo maana kuna wanyama hapa ambao huwakuti penginepo popote duniani. Mangabi wa Sanje, aina ya kima, kwa mfano: wenyeji walimjua siku zote, wanasayansi wakamtambua mwaka 1979.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Mabasi ya Ifakara hupita Mang'ula, makao makuu ya hifadhi, na hapo ndipo pa kulala. Fika jioni ya siku iliyotangulia, ulipie, upange na mwongozaji, ili alfajiri mwende moja kwa moja kijiji cha Sanje, karibu kilomita 10 kurudi upande wa Mikumi, ambako njia inaanzia. Njoo na kitambulisho cha taifa ili ulipe kiingilio cha Mtanzania, na uwe na kadi au fedha kwenye simu, kwa sababu getini hawapokei taslimu.

Ukianza saa moja asubuhi utapanda kabla jua halijawa kali. Kile kipande cha kwanza ni kikali, tena kina unyevu mzito. Shati litalowa jasho mapema, usishtuke. Hapo ndipo watu huinamisha kichwa na kuhesabu hatua. Mimi nasema simama. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mti mkubwa wa mkangazi, uende mpaka chini ya shina. Mizizi imeinuka juu ya ardhi kama kuta za nyumba, kumpita mtu mzima kimo, na katikati ya kuta mbili mnaweza kukaa watatu. Weka kiganja kwenye gome: ni baridi, na upande wa kivulini lina kuvu ya kijani inayoshika vidole. Tazama juu, utakuta shina limepanda wima muda mrefu kabla ya tawi la kwanza. Kaeni kimya dakika kumi. Majani yakianza kudondoka na hakuna upepo, juu yenu kuna mbega wekundu wanakula.

Maporomoko yana jumla ya mita 170, yakianguka kwa ngazi. Mahali ninapopapenda ni juu, miti inapoachana, na bonde lote la Kilombero linaonekana chini, miwa hadi upeo wa macho. Kwenye madimbwi ya chini watu huoga. Muulize mwongozaji kwanza: baada ya masika maji huwa na nguvu, na mawe yake yana utelezi mbaya. Mwezi wa Juni na Julai ni wakati mzuri, kwani maji bado ni mengi na njia imeanza kukauka.

Viatu viwe na meno, kwa sababu kuteremka ndiko kunakoangusha watu, si kupanda. Chukua lita mbili za maji, chakula, koti la mvua hata kiangazi, na mfuko wa simu usiopitisha maji. Suruali ndefu, tafadhali. Kuna upupu na siafu. Na usijaribu kupita peke yako kwa kuwa njia inaonekana wazi. Tembo na nyati wamo, na mwongozaji anajua kinyesi kipi ni cha leo.

Kama unakwenda na watoto au wazee, waachie Sanje wengine, nendeni maporomoko ya Prince Bernhard, karibu kabisa na makao makuu. Na kama miguu yako imezoea milima, uliza habari za Mwanihana: ni safari ya kulala msituni, inayofika kilele cha zaidi ya mita 2,000, na huendi bila askari mwenye silaha. Panga mapema na ofisi ya hifadhi, maana askari na wapagazi hawapatikani ghafla asubuhi ya safari.