Skopu ya .30-06: chukua 3-9x40, achana na hiyo kubwa

Mkuu umesema una bunduki ya .30-06 ya kuwindia swala, ngiri na mara moja moja tandala, na kwenye skopu (darubini ya kulengea) hujui uchukue 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40) au ile 6-24x50 uliyoonyeshwa. Chukua 3-9x40. Hiyo 6-24 ni ya wazee wa shabaha wanaolala chini kutoboa karatasi mita 500, porini kwetu vichaka vimebanana mnyama anakutokea mita 40, na kwa kuwa hiyo kitu haishuki chini ya 6 utaona manyoya tu hujui ni bega au tako. Mi yalinikuta, ngiri kasimama pale mbele, nachungulia kwenye kioo naona majani matupu, mtafuta nyayo ananifinya bega "piga bosi piga", kuja kumpata kashasepa zake mkia juu 😂

Tembea nayo ikiwa kwenye 3, mkifika mbuga ya wazi ndo upandishe. Habari za lenzi ya 50 eti inaona gizani zisikuchanganye, hiyo ya 40 ukiiweka kwenye 6 inatoa duara la mwanga karibu milimita 7, jicho la mtu mzima halinywi zaidi ya hapo.

Ila nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na skopu, isipungue inchi 3.5, bunduki ikirudi itakuchana nyusi. Chenji inayobaki weka kwenye vibano vya maana vya kushikilia skopu kwenye bunduki, na ukifika kambini piga risasi mbili tatu kwenye boksi kwanza uone kama bado inalenga sawa, maana kutoka Dar na yale mashimo ya barabarani kila nati inalegea.