Kabla Hujakigusa Kinara cha Fedha

Juzi hapa dukani, Mji wa Kale wa Mombasa, nimemkuta kijana wetu mpya ameteleka birika, angoja maji yachemke akimwagie kinara cha fedha nta itoke. Nikampokonya. Wanangu, nawapenda, lakini hili tumelisema mara ngapi?

1. Kigeuzeni kwanza, mtazame kitako. Mkiona kimefunikwa kitambaa cha kijani, hicho kimejazwa. Mafundi wa Sheffield, mji wa Uingereza, walianza karne ya 18 kugandamiza bamba jembamba la fedha kwenye kalibu za chuma, wakajaza lami au plasta ndani kipate uzito. Fedha kidogo, bei nafuu: ndiyo maana vinara vile vya umbo la nguzo zenye majani na mifereji, kama za mahekalu ya kale, vikaingia nyumba nyingi. Vinara vilivyomiminwa kwa fedha iliyoyeyushwa ni vizito kwa fedha yenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja wa Kibokoni alileta jozi aliyoachiwa na nyanya yake. Nikatia kimoja kwenye sufuria ya maji moto. Nta ikaachia, nikafurahi. Mara nikaona uzi mweusi wachuruzika chini ya kitako, watanda juu ya maji. Nilipokiinua, shina lilikuwa limelala upande. Nikajaribu kulinyoosha, kidole gumba kikazama kwenye fedha, na shimo likabaki pale. Sonara alikipokea, akakizungusha mara moja, akanirudishia bila neno. Jozi ikiharibika kimoja, bei haibaki nusu. Huanguka chini zaidi. Mama yule hakunigombeza. Aliviviringisha vyote viwili kwenye leso yake, akaenda zake. Sikulala.

2. Nta: tieni kinara kwenye friza kwa muda wa saa moja, kisha ibanduweni kwa kucha. Kisu marufuku.

3. Someni mihuri ya Kiingereza iliyogongwa kwenye fedha. Simba anayetembea ni fedha ya 925 kwa 1000. Nanga ni alama ya mji wa Birmingham, si ya meli. Herufi EPNS ni fedha ya kupakwa juu ya chuma kingine, hata ing'are vipi.

4. Msisugue kila siku. Unyevu wa pwani huiwahisha fedha kuwa nyeusi, najua, lakini kila msuguo huondoka na fedha kidogo, na muhuri hufutika. Idi moja nilikwenda kumsalimu mama yule, umeme ukakatika. Akawasha vinara vyote viwili, kile kilichopinda amekiegemeza ukutani. Hajavisugua miaka mingi. Weusi umetulia ndani ya mifereji, na mwanga ulipocheza, kila jani la nguzo lilijitokeza peke yake.