Dirisha la Jirani: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Katika fikihi ya Kishafii tunayosomeshwa huku pwani, shufaa, yaani haki ya kutangulizwa kuichukua mali inayouzwa kwa bei yake, ni ya mshirika peke yake. Je, Wayahudi wa zama za kati, waliobanana katika miji, walimpa jirani haki gani juu ya mali ya mwenzake? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Ndugu msomaji, walimpa haki nzito, na haikuwa lazima mali iwe ya ubia. Katika jambo hili wamekaribiana zaidi na Wahanafi, wafuasi wa madhehebu nyingine ya Kiislamu, ambao nao humpa jirani shufaa. Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa Kiyahudi na tabibu wa Misri aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwa kuitegemea Talmudi, kitabu kikuu cha sheria za Kiyahudi, kwamba ardhi ikiuzwa kwa mtu mwingine, aliyepakana nayo anaweza kumrudishia mnunuzi bei aliyotoa na kuichukua, kwa sababu Torati imeamuru watu watende yaliyo sawa na mema. Haki hiyo haikudaiwa, hata hivyo, pale muuzaji alipouza ili alipe kodi au agharimie maziko, wala pale mnunuzi alipokuwa yatima; na naona hapo ndipo ubinadamu wa sheria hiyo unapoonekana.

Jambo la kina zaidi ni macho. Nyumba nyingi zilizunguka ua mmoja, na Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliofanywa yapata mwaka 200, inakataza mkazi kufungua mlango unaoelekeana na mlango wa mwenzake, au dirisha kuelekea dirisha. Washirika walipougawa ua, kila mmoja aliweza kumlazimisha mwenzake achangie ukuta wa dhiraa 4, karibu mita 2, kwa kuwa kumchungulia mtu katika maisha yake ya ndani kulihesabiwa kuwa ni kumdhuru hasa. Nahmanides, mwanachuoni wa Kiyahudi wa Girona, Hispania, katika karne ya 13, aliliweka dhara hilo pamoja na moshi na harufu ya choo: hata jirani akinyamaza miaka mingi, mwenye dirisha hapati haki ya kudumu. Wengine walipinga, wakisema anayeona dirisha likifunguliwa asitete ameridhia, lakini mimi nauona msimamo wa Nahmanides kuwa na nguvu zaidi, maana wengi hunyamaza kwa kuchelea ugomvi.

Kelele zilipimwa kwa mizani nyingine. Wakazi waliweza kuzuia duka ndani ya ua kwa hoja kwamba wateja wanawanyima usingizi, lakini hawakuweza kumzuia mwalimu anayefundisha watoto Torati.