Jibu: Nimefanywa msimamizi wa wenzangu, kazi inachelewa na kila mtu ananiambia "iko sawa"

Dada uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa wanaoingia sasa: huyu dada yuko na kampuni ndogo ya kufunga pampu za maji za sola upande wa Kakamega. Tangu Januari amefanywa msimamizi wa watu tisa, wengi wamemzidi umri na hadi juzi walikuwa wenzake. Ana visima vitatu vya kumaliza kabla ya Aprili kuisha. Akipiga simu anaambiwa iko sawa, akifika saiti anakuta haiko sawa. Anataka kujua kama awe mkali au awe mpole.

Nitakujibu kwa yaliyonipata, maana cheti cha usimamizi sina. Nilianza kubeba karai Kisumu baada ya Kidato cha Nne, nikawa fundi wa mawe, na 2014 kontrakta akaniachia saiti ya kwanza. Ukali na upole tuviweke kando kidogo. Jiulize hivi: jambo likiharibika Jumatatu, wewe unalijua siku gani? Mimi nililijua Jumatatu ya wiki iliyofuata, na lilinigharimu.

Saiti yenyewe ilikuwa madarasa mawili uwanda wa Kano, mbele ya Ahero ukitoka Kisumu. Anayeijua Kano anaujua ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza sandali, mvua ikishuka unavimba, unanata, na lori la kokoto halipiti. Kwa hiyo tulikuwa tunakimbizana na mvua za Machi. Wiki ya tatu kijana mmoja akaangusha mashine ya kutetemesha konkriti, ya kukodi, ikavunjika. Akaja mwenyewe kuniambia. Nikamfokea mbele ya watu wote na kumkata malipo ya siku mbili. Jioni nilienda nyumbani nimejaa kifua, nikijiambia leo wamejua saiti hii ina mwenyewe.

Siku kumi baadaye vikaletwa vyuma vya ringi bimu, ule mkanda wa konkriti unaozunguka jengo juu ya madirisha. Tuliagiza D12, yaani vya unene wa milimita 12. Dukani wakapakia D12 chache juu na D10 chini. Kwa macho ya haraka huoni tofauti, lakini ukipiga hesabu, chuma cha milimita 10 kina karibu theluthi pungufu ya kile cha 12. Fundi wetu wa vyuma, jaduong' mmoja (ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee) aliyeshika koleo kabla mimi sijazaliwa, alijua mara tu aliponyanyua cha kwanza. Akanyamaza, akafunga.

Ijumaa injinia alikuwa aje kukagua asubuhi. Saa sita hajafika, na mawingu yanajikusanya juu ya milima ya Nandi kama kawaida yake msimu ule. Nikaamua tumwage bila yeye. Hilo ni kosa langu peke yangu, sitamsukumia mtu. Jumatatu akafika akakuta pande tatu zimemwagwa na wa nne bado, ncha za vyuma zimetokeza. Akatoa kipimo chake, akapima cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu nyundo kubwa ziko ngapi.

Tulibomoa. Siku kumi na moja zikaenda, na mifuko ya saruji ambayo sitaki kuihesabu tena. Kontrakta alitaka jaduong' afukuzwe siku hiyo hiyo. Niliomba kwanza nikae naye. Tukakaa chini ya mwembe nikamuuliza, "Jaduong', ulijua?" Akasema alijua. "Mbona hukuniambia?" Akajibu bila hasira: "Siku ile ulipomfokea yule kijana, sote tuliona bei ya kukuletea neno. Mimi nina watoto shuleni."

Nikarudi kwa kontrakta nikamwambia mzee habanduki, nikatwe mimi malipo. Nilikatwa kweli.

Sasa turudi kwako. Watu wako wanakuambia "iko sawa" kwa sababu jibu hilo halijawahi kumletea mtu shida, angalau siku ile anapolitoa. Wewe unajua ni nani katika hao tisa aliwahi kukuletea habari mbaya na ulimfanyaje. Kama humkumbuki, muulize rafiki yako mmoja pale ndani, wao wanakumbuka.

Mimi nilijifunza kwamba mtu akija na neno baya, sentensi ya kwanza kinywani mwako iwe "asante kwa kuniambia mapema," hata kama tumbo linachemka. Ya pili: "Tunafanyaje?" Lawama, kama ipo, ingoje jioni, mkiwa wawili. Na kuna tofauti kati ya aliyekosea akasema na aliyekosea akaficha. Wa pili huyo mwandikie barua ya onyo bila kupepesa macho. Timu ikiiona tofauti hiyo mara mbili tatu, simu zitaanza kukujia zenyewe, nyingine hata usiku (utajuta kidogo).

Pia badilisha maswali. "Mnaendeleaje?" ni salamu, na salamu hujibiwa salama hata nyumba ikiungua. Uliza "mtaro umefika mita ngapi?" Uliza "kesho ni nini kinaweza kutusimamisha?" Hilo la kesho ndilo ninalolipenda, kwa sababu mtu hakiri kosa lolote akilijibu. Ukiwa mbali omba picha, lakini sema unataka picha ya nini: kina cha shimo pamoja na futi ya kupimia imesimama ndani, si picha ya vijana wanatabasamu na majembe.

Mkutano wangu ni wa kusimama, saa moja na nusu asubuhi, dakika kumi, kabla hakijashikwa chombo. Naanza na aliye mdogo kabisa kwa umri. Huku kwetu mzee akishasema mvua haitanyesha, hakuna kijana atakayesema itanyesha, hata akiwa amelowa. Nikimaliza vijana ndipo nawageukia wazee, nao wanapenda hivyo kwa sababu neno la mwisho linabaki kwao.

Kuhusu waliokuzidi umri: usibadilishe namna ulivyowaita. Kama alikuwa "mzee" au "baba Fulani" Desemba, abaki hivyo. Nilimwona jamaa mmoja akipewa usimamizi Alhamisi, Ijumaa akaanza kuwaita watu kwa majina yao ya kwanza kama mwalimu wa zamu. Hakumaliza miezi miwili. Ninachofanya mimi, uamuzi mgumu naupitisha kwanza kwa mzee faraghani: "Nafikiria tuanze na kisima cha mbali, wewe unaonaje?" Mara nyingi ananirekebisha na anakuwa amenisaidia. Akikataa na mimi nikaona bado nina sababu, namwambia pale pale kwamba nitaenda kinyume na kwa nini, asije akalisikia mbele ya vijana.

Suala la wewe kuwa mwanamke sitajifanya nalijua, akina dada wa jukwaa hili watakujibu vizuri zaidi. Nimefanya kazi chini ya injinia mmoja mwanamke, mdogo kwangu. Hakuwahi kubishana na fundi kwa maneno. Alikuwa na futi mfukoni. Mkibishana, anapima, anasoma namba kwa sauti, anaandika kwenye daftari, anaendelea na safari yake. Baada ya wiki mbili mafundi walikuwa wanapima wenyewe kabla hajafika.

Ratiba sasa, na hapa ndipo nadhani utaokoa Aprili yako. Chukua karatasi kubwa uanzie mwisho: maji yanatoka bombani. Nyuma yake kuna nini? Nyuma ya hicho? Kwa kila kazi andika inangoja nini. Utaona kazi nyingi hazingoji kitu, ila kuna mnyororo mmoja ambao kila pete inangoja iliyotangulia. Kwenu ninyi pampu haiwezi kuagizwa kabla kisima hakijapimwa kwa kuvuta maji mfululizo, maana bila kujua kinatoa kiasi gani kwa saa na maji yako kina gani, pampu utaikisia. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10, kwa hiyo msingi wa mnara wake lazima ukomae. Konkriti huhesabiwa nguvu zake siku ya 28, na siku ya saba huwa na takriban theluthi mbili tu, tena ikiwa ilimwagiliwa maji vizuri. Hapo hata ukiongeza mafundi ishirini, haitakomaa mapema.

Kwa hiyo misingi ya minara yote mitatu ningeimwaga wiki hii, hata kabla ya kazi ambazo machoni pa bosi zinaonekana kubwa. Wakati inakomaa, vijana wachimbe mitaro. Wengi hufanya kinyume: huanza na mitaro kwa sababu inapendeza kwenye picha, halafu wanakaa wiki nzima wakiangalia konkriti. Na kwa kuwa mvua ya huko kwenu hupenda mchana na jioni, kumwaga kuwe asubuhi, na mitaro mtakayochimba lazima ilazwe bomba na kufukiwa siku hiyo hiyo, la sivyo kesho mtachota matope.

Bosi akikuambia akuongezee watu wanne Aprili kwa sababu mmechelewa, fikiria kwanza. Wageni wanne watahitaji kuonyeshwa, na wa kuwaonyesha ni fundi wako bora, yule yule unayemtegemea. Mapema wanasaidia. Dakika za mwisho wakubebee tu mchanga.

Tarehe usizitoe kichwani mwako. Muulize atakayeifanya kazi, umwongezee siku kidogo za mvua na za msiba (tusidanganyane, huku msiba ni sehemu ya ratiba), ndipo umwambie bosi. Na iwe tarehe. "Mwisho wa mwezi" kila mtu anaihesabu kivyake. Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Ukiandika "timu ya umeme" ndipo utasikia "nilidhani yeye ndiye aliyeagiza nyaya."

Wenye kisima nao watakuambia "si mtuongezee tu kituo kimoja cha maji pale kwa kanisa." Usikatae, usikubali. Sema utarudi na bei na siku. Nikishazungumza na mtu kwa simu, namtumia ujumbe wa WhatsApp: "Kama tulivyozungumza leo, tutafanya hivi, itagharimu hivi, itaongeza siku nne." Nimeokolewa na ujumbe kama huo mbele ya kamati ya shule iliyokuwa imesahau kwa pamoja.

Kingine, habari mbaya inatakiwa isafiri pande zote mbili. Tulikuwa tunalipa kila Jumamosi kwa M-Pesa. Mwaka mmoja nilijua Jumatano kwamba mteja hajatoa pesa. Kila mtu ofisini alinishauri ninyamaze hadi Jumamosi, labda zitaingia. Niliwaambia vijana Jumatano asubuhi. Wawili waliondoka kutafuta kibarua Mamboleo na sikuwalaumu. Waliobaki walijipanga, mmoja akamwambia mwenye nyumba wake mapema. Pesa zilikuja Jumanne iliyofuata. Tangu hapo sikumbuki kuambiwa tena "iko sawa" na wale waliobaki, walikuwa wananipa kero zao zote hadi nikachoka.

Mengine kwa haraka. Ulizia ofisini kama bima ya WIBA, ile ya mfanyakazi akiumia kazini, imelipiwa, sheria ya 2007 inamtaka mwajiri awe nayo, na watu wako wanapanda minara. Kundi la WhatsApp la kazi lisiwe na salamu za asubuhi wala vichekesho, fungueni jingine. Na chai ya saa nne usiiguse hata mkichelewa vipi, timu isiyokunywa chai inakuibia saa mbili mchana.

Yule fundi wako wa umeme uliyesema "hanisikilizi," ningeanza naye Jumatatu, kabla ya mkutano, mkiwa wawili tu. Muulize hivi: "Tangu nimepewa kazi hii, ni kitu gani umekiona kinaharibika ukaamua kutoniambia?" Kisha ukae kimya, hata akichukua dakika tatu kujibu. Ukishamsikia rudi hapa utuambie alisema nini, na visima vimefika wapi.