Kujua kama namba ni ziro ya polinomia bila kujichosha

Nyinyi mlioripoti kampo juzi hapa Nairobi, hili swali la "je, 3 ni ziro ya hii polinomia?" mtakutana nalo sana, na wengi mtalifanya kwa ile njia ndefu, ati unaweka 3 kila mahali pa x, unatafuta kipeo kimoja kimoja, halafu ndio ujumlishe. Si makosa, ikitoka 0 ni ziro, isipotoka si ziro, lakini kwa mtihani itakukula time.

Chukua 2x³ − 3x² − 11x + 6. Andika namba za mbele tu: 2, −3, −11, 6. Shusha 2, zidisha kwa 3 ni 6, ongeza −3 unapata 3. Zidisha tena kwa 3 ni 9, ongeza −11 ni −2. Mara 3 tena ni −6, ongeza 6, sufuri. Basi 3 ni ziro. Hii unaimaliza kwa kichwa hata mat ikiwa imekwama kwa jam ya Thika Road. Na utamu ni kwamba zile namba za njiani, 2, 3, −2, si za kutupa, ndizo 2x² + 3x − 2, yaani jibu unalopata ukigawa polinomia yako kwa x − 3. Hiyo nayo ni (2x − 1)(x + 2), kwa hivyo ziro zingine ni ½ na −2, umemaliza swali zima.

Mahali watu huanguka ni kipeo kikirukwa. x³ − 7x + 6 haina x², sasa mtu anaandika 1, −7, 6 na kila kitu kinaharibika. Ni 1, 0, −7, 6. Hapo hata 1 usiihangaikie, jumlisha hizo namba, zikileta 0 basi 1 ni ziro, siku zote.

Kalkuleta nayo iwekee mabano: −2² itakupa −4, (−2)² ndiyo 4.

Usipopewa namba ya kujaribu, usibahatishe ovyo. Kama namba za mbele zote ni nzima, ziro nzima lazima igawanye ile ya mwisho, kwa hivyo ya 6 jaribu 1, 2, 3, 6 na hasi zake, 5 usiiguse kabisa. Ikiwa sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho, namba ya chini lazima igawanye ile ya kwanza, ndio maana ½ ilitokea pale juu.

Halafu tafadhali, karibu na 0 si 0. Kwa x² − 2, ukiweka 1.41 unapata −0.0119, mtu anasema aah, hiyo ni ziro tu. Weka √2 yenyewe, bila desimali, uone.