Nimwandikie AI kwa Lojban ili asinichanganyie mizigo?

SWALI: Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huku Nachingwea, natumia AI kupanga taarifa za mizigo ya wakulima ila kuna muda inachanganya hesabu. Nimesikia kuna lugha ya kutungwa inaitwa Lojban, haina utata kabisa. Nikijifunza hiyo nikawa naiandikia programu kwa Lojban si itanielewa vizuri zaidi?

JIBU: Mdogo wangu, hapana, ila wazo lako lina mantiki kwahiyo ngoja nikueleze vizuri.

Lojban ilianza 1987, imetokana na Loglan, lugha nyingine ya kutungwa ya James Cooke Brown, na ni kweli sarufi yake imepangwa ili kila sentensi ichambulike kwa njia moja tu. Chukua neno klama, hilo linabeba nafasi tano: anayeenda, anakoenda, anakotoka, njia na usafiri, yaani mimi, Lindi, kutoka Mtwara, kupitia Mikindani, kwa basi, kila kitu kina sehemu yake. Mimi napenda sana ufundi huo. Lakini hizo nafasi unaruhusiwa kuziacha wazi, na ukiziacha, programu haijui umetoka wapi, sawasawa tu na ungeandika Kiswahili.

Halafu kuna hili, na ndio kubwa. AI za sasa zimejifunza kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, sasa Lojban ina maandishi kidogo sana, ukiiandikia inaweza kukujibu sentensi inayoonekana safi kumbe maana imeenda pembeni, na wewe mwenyewe bado unajifunza utaigunduaje? Esperanto, lugha ya kutungwa ya 1887, ina afadhali, Wikipedia yake ina makala zaidi ya 300,000, ila Kiswahili unakijua toka utotoni, hiyo faida usiitupe.

Tatizo lako nadhani liko kwenye sentensi kama hii: "leo zimeingia gunia 20 za ufuta na mbaazi". Ishirini ni jumla, au ni za ufuta tu na mbaazi hujazitaja idadi? Hata mimi sijui, AI itabahatisha. Andika hivi:

Ufuta: gunia 12
Mbaazi: gunia 8
Muda: 14:00

Muda uandike kwa tarakimu za saa 24 maana ukisema saa nane inaweza kuichukua kama 08:00. Majina ya safu yawe yaleyale kila siku, leo usiandike gunia kesho mifuko, na iambie kabisa kwamba penye pengo iulize, isijaze yenyewe.

Na kujumlisha kilo usiiachie, nakusihi, hiyo ni hela ya mkulima aliyehangaika shambani msimu mzima. AI ikupangie jedwali, hesabu ifanywe na Excel, halafu linganisha na stakabadhi za mzani kabla hujatuma popote.