TV imekufa kabisa? Tafuta volti tano kwanza

Hii ni kwa wewe uliyenunua mita juzi pale Luthuli Avenue, Nairobi, na tayari majirani wameanza kukuletea TV zao bapa zilizozimika. Kabla hujashika bisibisi, uliza maswali, maana mwenye TV anajua mambo ambayo bodi haitakuambia. Ilizimika ikitazamwa, au ilikataa kuwaka asubuhi? Taa nyekundu ya mbele bado ipo? Kuna nyumba nyingine kwenye ploti iliyoharibikiwa na friji au redio siku hiyo hiyo?

"Fundi, stima ilipotea, iliporudi tukasikia pu! nyuma ya TV." Mama akikuambia hivyo, akili yako iende moja kwa moja kwenye fyuzi na vifaa vilivyo karibu na waya wa umeme. Lakini akisema, "Siku hizi inasumbua kuwaka, naibonyeza mara tatu nne ndiyo ikubali," huo ni ugonjwa mwingine: kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi chaji, zimechoka upande wa bodi ya pawa unaolisha TV. Na akisema sauti ipo ila kioo ni cheusi, hiyo haijafa. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kwa karibu, ukiinamisha mwanga. Ukiona picha hafifu ndani, shida ni taa za nyuma au saketi inayoziendesha, si pawa yote.

Halafu angalia plagi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, na kuna TV hubebwa kwa bodaboda kutoka Kayole hadi mjini kwa sababu ya fyuzi hiyo tu, au ekstensheni iliyoungua. Jaribu soketi nyingine, kagua waya, ndipo ufungue mgongo.

Sasa usalama, na hapa sitaharakisha. Stima yetu ni volti 240. Ikishapita kwenye brigi, dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC, na kuingia kwenye ile kapasita kubwa, inakuwa takribani volti 340 DC. Kwenye TV kubwa zenye saketi ya PFC, inayosawazisha jinsi TV inavyovuta stima, inapanda hadi kati ya 380 na 400 TV ikiwa inafanya kazi. Kuchomoa plagi hakuziondoi volti hizo. Kapasita inaweza kuzishikilia kwa muda mrefu, hasa pale saketi iliyokufa haina kinachozitumia. Zimalize kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 10, iliyofungwa kwenye waya zenye ganda zuri, kwa sekunde chache, kisha upime uthibitishe zimeshuka karibu na sifuri. Usitumie bisibisi. Cheche ile inatafuna njia za shaba kwenye bodi na inaweza kuharibu kifaa kilichokuwa kizima. Na usijitegemeze kwa swichi ya usalama iliyo ukutani inayokata stima ikivuja kwenda ardhini: ukishika miguu miwili ya kapasita hiyo, swichi haioni kitu chochote cha kuikatisha.

Bodi ya pawa ina pande mbili. Kuna upande wa moto, unaoungana na stima moja kwa moja, na upande wa baridi, unaolisha TV. Mara nyingi mpaka wake umechorwa kwa mstari mnene, na vinavyouvuka ni transfoma, zile optokapla ndogo za miguu minne zinazopitisha ishara kwa mwanga, na kapasita chache za usalama. Ukipima upande wa moto, waya mweusi wa mita uwe kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa. Ukipima upande wa baridi, uwe kwenye chuma cha mgongo wa TV. Ukichanganya, mita itakupa namba za ajabu utakazozifukuza siku nzima. Ukiunganisha pande hizo mbili kwa waya, unaweza kusikia mlipuko.

Tengeneza balbu ya mfululizo kabla ya kununua kifaa kingine chochote. Ni soketi moja ya stima, ambayo waya wake wa laivu umekatwa na kupitishwa kwenye kishikizo cha balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100. Balbu ya LED haifai hapa. Tafuta ile ya zamani inayopata moto, au ya halojeni. TV ikichomekwa humo, balbu ikimulika kidogo na kufifia, kapasita kubwa imejaa na hakuna shoti upande wa moto. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti ipo bado, na umeokoa fyuzi, mosfeti (ile swichi ya kielektroniki ya upande wa moto) na macho yako. TV kubwa ikijaribu kuwaka kikamilifu kupitia balbu itawaka na kuzima, kwa hiyo balbu ni ya jaribio la kwanza tu, si la mwisho.

Baada ya hapo, swali la kwanza kwa TV yoyote iliyokufa ni hili: volti tano za stendbai, zile zinazobaki TV ikisubiri rimoti, zipo? Jibu lake linagawa kazi yako katikati. Tafuta konekta inayotoka bodi ya pawa kwenda bodi kuu. Mara nyingi majina yamechapishwa pembeni ya pini: 5VSB, STB, PS-ON, 12V, 24V, GND. Weka mita kwenye DC na upime 5VSB. Kwenye TV nyingine utakuta 3.3, na baadhi ya TV za siku hizi hazina stendbai ya kando, zinatoa volti 12 muda wote. Soma kilichoandikwa kwenye bodi, usilazimishe ulichosikia kwa fundi mwingine.

Tuseme hazipo. Rudi upande wa moto upime kapasita kubwa. Kama hakuna 340, chomoa, maliza chaji, kisha fuata njia ya stima tangu inapoingia: fyuzi, ile thamista inayopunguza mshtuko wa kuwasha, brigi. Fyuzi ya kioo itazame vizuri. Uzi ukiwa umekatika kimya kimya na kioo ni safi, pengine ulichoka tu. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha ndani, kuna shoti, na fyuzi mpya bila kutafuta shoti hiyo ni pesa ya mteja unayoipiga moto. Usizungushie waya wa shaba, hata kama mteja anakuharakisha. Herufi T kwenye fyuzi, kwa mfano T3.15A, maana yake ni ya kukatika polepole. Weka ya aina hiyo hiyo na ampea hizo hizo.

Kwa shoti, weka mita kwenye alama ya dayodi. Kila dayodi ndani ya brigi ikupe takribani 0.5 upande mmoja na isikupe kitu upande wa pili. Mita ikilia kati ya miguu miwili ya mosfeti, drein na sosi, mosfeti imekwenda. Lakini isikupendeze kuibadilisha peke yake. Inapokufa kwa shoti, mara nyingi huondoka na rezista ndogo ya chini ya omu moja iliyo kwenye mguu wake wa sosi, na aisi (chipu) inayoipa amri. Ukiacha hata kimoja kati ya hivyo, mosfeti mpya hufa ndani ya sekunde moja.

Sasa ile varista, sahani ndogo ya buluu karibu na fyuzi, mara nyingi imeandikwa 471. Namba hiyo ni volti 470 inapoanza kupitisha umeme, na kazi yake ni stima isiyozidi volti 300 hivi. Ukiikuta imepasuka na fyuzi ni nyeusi, volti zilipanda nyumbani kwa mteja. Wapo mafundi wanaoing'oa, wanabadilisha fyuzi, TV inawaka, wanachukua pesa. Kuing'oa ili ujaribu kwenye balbu ni sawa. Kuirudisha TV bila varista si sawa, na bei ya varista haikupi kisingizio.

Kama 340 zipo ila volti tano hazipo, kwanza chomoa konekta ya bodi kuu, upime tena. Zikirudi, bodi ya pawa haina kosa; bodi kuu ndiyo inayozivuta chini. Zisiporudi, tafuta kapasita ndogo iliyo karibu na aisi ya stendbai, ya maikrofaradi 10 hadi 47, volti 50. Hii haivimbi. Inakauka tu pale ilipo, ikionekana mpya, na bila hiyo aisi inajaribu kuanza na kushindwa, kuanza na kushindwa. Ni kifaa cha bei ndogo sana na kimewatoa jasho wengi, kwa sababu kila mtu hukimbilia zile kubwa.

Upande mwingine wa swali: volti tano zipo, taa nyekundu inawaka, TV haiamki. Mita ibaki kwenye pini ya PS-ON, inayopitisha amri ya kuwasha kutoka bodi kuu, kisha bonyeza rimoti. Kwenye TV nyingi inapanda kutoka sifuri hadi volti 3 hivi. Chache hufanya kinyume. Isipobadilika, bodi kuu haijatoa amri, acha kuichokonoa pawa. Ikibadilika na 12V zisitokee, kosa ni la pawa. Kama huna uhakika, chomoa plagi na konekta ya bodi kuu, unganisha 5VSB na PS-ON kupitia rezista ya kilo-omu 1, kisha urudishe stima. Volti 12 na 24 zikitokea, bodi iko hai. Zipe mzigo: balbu ya gari ya volti 12, wati 21, inayopatikana kwa maduka ya spea Kirinyaga Road, inavuta karibu ampea 1.75. Kwa 24V funga mbili kwa mfululizo. Bodi inayoonyesha 12 bila mzigo na kushuka hadi 9 balbu ikiunganishwa haifai, hata kama mita ilikupa namba tamu mwanzoni.

Hapo ndipo kapasita za upande wa baridi zinapojitokeza. Paa likiwa limevimba, badilisha. Lisipovimba, bado zishuku kama TV ilikuwa inachelewa kuwaka. Kuna mita inayokupa maikrofaradi sahihi huku ukinzani wa ndani umepanda. Kama unaweza, nunua kipimo cha ESR, yaani cha ukinzani huo wa ndani, kabla ya kununua kingine. Weka kapasita yenye uwezo ule ule, volti sawa au zaidi, iliyoandikwa 105°C. Dukani toa mita yako upime kabla ya kulipa. Muuzaji akinuna, mlango wa jirani yake uko hatua mbili.

Ukitafuta bodi nzima, usiende na jina la TV. Nenda na namba ya bodi, kama zile za Samsung zinazoanza BN44 au za LG zinazoanza EAY, na picha ya konekta zake. Modeli moja ya TV inaweza kutoka kiwandani na bodi tofauti. Na kwenye TV ndogo za bei nafuu, pawa, bodi kuu na kiendesha taa viko kwenye bodi moja. Hapo hesabu na mteja kwanza kama kazi inalipa.

Ikishawaka, funga mgongo na uiache iwake kwa saa kadhaa, sauti ikiwa juu kidogo na mwanga kamili. Kapasita mbovu hupenda kujificha bodi ikiwa baridi na wazi mezani.

Na kama uliikuta varista imepasuka, beba mita unapoirudisha TV. Kwenye ploti zenye fezi tatu, waya wa nyutro ukilegea au kukatika, nyumba moja inabaki na volti chache na nyingine inapanda kuelekea 415, kwa hiyo TV uliyotengeneza inaweza kufa usiku huo huo. Pima soketi sebuleni. Ukiona karibu na 240 na zimetulia, ichomeke kupitia TV guard, kifaa kinachokata stima volti zikizidi. Ukiona 280, au namba zinaruka kila jirani anapowasha heta ya kuogea, usiichomeke. Mwambie mwenye nyumba aite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, akague nyutro, na kama hitilafu iko kwenye nguzo, wapigie Kenya Power 97771.